ULEZI WA MTOTO SI HATI YA SAFARI

(Haya ni maneno ya mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanachama wa tawi letu. Tumeombwa tuyaandike gazetini ili wale wasiokuwapo nao wayasome.)



Tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa ni la mawakili na majaji peke yao. Jambo lenyewe ni ulezi wa kisheria wa watoto yatima, hasa pale mume na mke kutoka nchi za ng'ambo wanapoomba wakabidhiwe mtoto wa Kiafrika na kwenda naye kwao. Tumelileta mbele ya chama kwa sababu moja. Karatasi ya kwanza katika safari ya mtoto huyo haiandikwi mahakamani. Huandikwa kijijini au mtaani, na anayeigonga muhuri ni mtu kama sisi tuliokaa hapa.

TUELEWANE MANENO

Wazee wetu walijua kulea kabla sheria hazijaandikwa. Mtu akifa, matanga yakishaondolewa, ukoo hukaa kitako. Huyu atakwenda kwa shangazi yake, yule atabaki kwa bibi, mkubwa atakwenda mjini kwa baba mdogo akasome. Mtoto hakupotezwa. Jina lake lilibaki, mwiko wa ukoo wake aliujua, na siku ya kuoa au kuolewa ilijulikana ni nani wa kuulizwa. Twasema mkono mmoja haulei mwana, na kweli mikono ilikuwa mingi.

Sheria tulizorithi kwa Waingereza zina njia mbili, nazo hazifanani. Ya kwanza ni ulezi. Mahakama humpa mtu mamlaka ya kumtunza mtoto, kumsomesha na kumlindia mali yake mpaka awe mtu mzima. Ulezi haumfanyi mtoto kuwa wa mtu mwingine, na akifika miaka 18 kazi ya mlezi imekwisha. Njia ya pili ni kuasili. Hapo kamba ya uzazi hukatwa kisheria. Mtoto huwa wa wale waliomwasili kana kwamba ndio waliomzaa, na waliomzaa kwa damu hawana tena kauli juu yake.

Ndugu zangu, shikeni sana tofauti hii. Mengi tutakayoyasema yanatokana na watu waliochukua karatasi ya njia ya kwanza wakaitumia kwa kazi ya njia ya pili.

YALIYOWAPATA MAJIRANI ZETU

Wenzetu wa Uganda walikuwa na Sheria ya Watoto iliyotungwa katika miaka ya 1990. Sheria hiyo ilimtaka mgeni anayetaka kumwasili mtoto wa Uganda awe amekaa nchini humo miaka 3, na awe amemlea mtoto huyo miezi 36 chini ya macho ya maofisa wa ustawi wa jamii. Sharti hilo lilikuwa na maana. Mtu akikaa miaka 3 majirani humjua tabia yake. Na mtoto naye hupata muda wa kusema kama ana mama, na mama hupata muda wa kutokea.

Lakini wenye haraka hawakuupenda mlango huo, wakaona pembeni pana mlango mwingine, nao ndio ulezi. Masharti yale ya miaka 3 yaliandikwa kwa ajili ya kuasili. Basi mawakili wakapeleka maombi Mahakama Kuu, wakisema kwamba wateja wao hawaombi kuasili, wanaomba ulezi tu, pamoja na ruhusa ya kutoka nchini na mtoto. Mume na mke wakashuka Entebbe, wakasimama mbele ya jaji, na baada ya wiki chache wakapanda ndege pamoja na mtoto. Ubalozi wa Marekani ulimpa mtoto viza kwa kuiangalia amri ile ya mahakama. Walipofika kwao wakamwasili huko, chini ya sheria za huko. Kamba ambayo mahakama ya Kampala haikuikata ikaenda kukatwa Marekani, mahali ambapo mama wala shangazi hakuweza kusimama akasema neno.

Majaji wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wako waliokataa, wakaona kuwa huku ni kuizunguka sheria ya nchi. Wako waliokubali kwa hoja ya maslahi ya mtoto, na hata Mahakama ya Rufani ilipata kuukubali ulezi wa namna hiyo. Hatusemi kila jaji aliyekubali alikuwa mwovu. Maslahi ya mtoto ni neno zuri. Lakini aliyetakiwa kuyapima aliletewa karatasi mezani, na karatasi zilisema mtoto hana mtu.

Je, karatasi hizo zilitoka wapi? Yametangazwa mengi tangu hapo, nasi twayataja yale tu yaliyokwisha kuwekwa wazi. Mwezi wa Desemba 2016 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilizuia kazi za shirika moja la Ohio lililokuwa likiwatafutia watu watoto wa kuasili katika nchi mbalimbali. Mwaka 2019 mfanyakazi wa zamani wa shirika la jimbo hilo alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba alishiriki katika njama ya kuwahonga maofisa wa Uganda. Rushwa hiyo ilikusudiwa kwa maofisa wa ustawi, ili wapendekeze watoto wapelekwe katika makao ya watoto, na pia kwa watu wa mahakama, ili amri za ulezi zitoke upesi na zitoke vizuri. Mwezi wa Agosti 2020 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake. Kuwekewa vikwazo si kuhukumiwa, na sisi si mahakama. Lakini maelezo yaliyotolewa siku hiyo yatupasa tuyasikilize. Yalisema kwamba watu walikwenda katika vijiji vya mbali, wakawaahidi wazazi kuwa watoto wao watapelekwa Kampala kuendelea na masomo, kisha watoto wakapelekwa katika makao ya Kampala yasiyokuwa na kibali. Wamarekani waliotaka watoto waliwakuta humo.

Mwaka huo huo wa 2016 familia moja ya Kimarekani ilimrudisha Uganda mtoto wa kike waliyekuwa wamempata kwa njia hizi. Mtoto alipokwisha kujifunza Kiingereza alianza kusimulia habari za mama yake, na habari hizo hazikulingana na zile zilizoandikwa katika karatasi. Wakaulizia. Wakamkuta mama yu hai, anampenda mtoto wake, naye alidhani mtoto amekwenda kusoma tu. Twawasifu watu hao kwa moyo wao, maana ni vigumu kumrudisha mtoto uliyekwisha kumzoea. Lakini tujiulize. Ni watoto wangapi waliopelekwa wakiwa wadogo mno, lugha ya nyumbani ikafutika kabla hawajapata lugha ya kusemea?

MAMA ALISIKIA NENO GANI?

Yuko atakayesema kwamba mama huyo aliweka dole gumba mwenyewe, basi alaumiwe yeye. La, ndugu zangu. Tutazame neno alilolisikia.

Mama wa kijijini akiambiwa kwamba kuna watu wazuri watakaomlea mwanawe, husikia kulea kwetu. Anamkumbuka mtoto wa jirani aliyelelewa na mjomba wake mjini, akarudi wakati wa likizo amevaa viatu, na sasa ni mwalimu anayewatumia wazee wake fedha. Katika lugha zetu nyingi kumpa mtu mtoto amlee ni kuongeza jamaa. Hatuna mila ya kutia sahihi ili mtoto asiwe wako tena mpaka mwisho wa dunia. Aliyemletea karatasi alizijua maana zote mbili, naye akanyamaza. Hapo ndipo penye udanganyifu, hata kama kila mstari wa karatasi uliandikwa kwa kufuata sheria.

Na hilo neno yatima nalo lina hila yake. Katika hesabu za Umoja wa Mataifa mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja huhesabiwa yatima, ingawa mwingine yu hai naye. Hesabu hiyo yafaa kwa kupanga misaada. Lakini watu wa mbali wakiisoma hudhani kila aliyehesabiwa amebaki peke yake duniani. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto 4 katika kila 5 wanaokaa katika makao ya watoto duniani wana mzazi mmoja au wote wawili. Maana yake ni kwamba wengi waliomo katika nyumba hizo wameingizwa na umaskini, na kifo si sababu.

JAMBO HILI LINA HISTORIA

Mtawala kumwita yatima mtoto mwenye mama si jambo la jana. Wabelgiji walifanya hivyo Kongo na Ruanda-Urundi. Watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walichukuliwa kwa mama zao kwa amri ya Serikali ya kikoloni, wakapelekwa katika misheni mbali na kwao, na serikali ikajitangaza kuwa ndiyo mlezi wao. Karibu na miaka ya uhuru wengine walisafirishwa mpaka Ubelgiji. Mama zao walikuwa hai, nao walilia, lakini hapakuwa na baraza la kukisikiliza kilio chao.

Mwezi wa Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi kwa matendo hayo. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ilitoa hukumu katika shauri la akina mama watano waliochukuliwa Kongo kati ya mwaka 1948 na 1953, kila mmoja akiwa hajafika miaka 7. Mahakama iliona kuwa kuchukuliwa kwao kulikuwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Waliibiwa mama wakiwa watoto. Haki waliipata wakiwa wazee wa zaidi ya miaka 70.

Hatusemi kwamba mume na mke wanaokuja leo wakiwa na machozi ya kutaka mtoto ni sawa na Serikali ya kikoloni. Si sawa. Tunasema kwamba chombo ni kile kile: karatasi iitwayo ulezi, iliyoandikwa na wenye nguvu juu ya mtoto wa asiye na nguvu. Mkoloni aliilazimisha. Siku hizi yaweza kununuliwa, na wanaoiuza wamo watu wetu wenyewe.

MASWALI MAWILI YA HAKI

Swali la kwanza ni hili: je, si afadhali mtoto aende akale vizuri na kusoma kuliko kubaki katika dhiki? Ndugu aulizaye hivyo ana huruma, wala hatumcheki. Twamjibu hivi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali mwongozo mwaka 2009 unaosema kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Uwe ishara kwamba jamaa hiyo yahitaji kusaidiwa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliokubaliwa mwaka 1990, waiweka njia ya kumpeleka mtoto ng'ambo kuasiliwa kuwa ya mwisho kabisa. Tena tufanye hesabu ya kawaida. Safari moja ya kumchukua mtoto hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa wakala, wakili, hoteli na ndege. Bibi yake angepewa sehemu ndogo tu ya fedha hizo angemlea yeye na ndugu zake mpaka wamalize shule. Fedha zilikuwapo. Njia zilizofunguliwa zilikuwa za kumtoa mtoto.

Swali la pili: je, hakuna mtoto ambaye kweli hana mtu? Yuko. Wako wanaookotwa njiani, na wako ambao ukoo umewakataa. Mtoto wa namna hiyo ana haki ya kupata baba na mama, na akikosekana Mwafrika wa kumpokea, mgeni mwema aliyekaa nasi, tukamjua, asizuiwe kwa sababu ya rangi yake. Utaifa wetu haukujengwa juu ya kumchukia mtu. Lakini mtoto huyo ajulikane kweli kuwa hana mtu, baada ya kutafutiwa, na mambo yake yaende kwa njia ya wazi ya kuasili pamoja na masharti yake yote. Asipitishwe mlango wa nyuma.

SISI TUNAHUSIKA VIPI?

Bunge la Uganda liliufunga mlango ule mwaka 2016. Tangu sheria hiyo ibadilishwe ulezi wa kisheria huombwa na raia wa Uganda tu. Mgeni anayetaka kuasili yampasa kukaa nchini na kumlea mtoto mwaka 1, baada ya jamaa na familia za nchini kutafutwa kwanza. Hata hivyo mahakama imeachiwa nafasi ya kulegeza masharti ikiwa pana sababu isiyo ya kawaida. Nafasi kama hiyo ni ya kukodolea macho.

Nchi nyingine nazo zimechukua hatua. Kenya ilisimamisha uasili wa wageni mwaka 2014, na Ethiopia iliupiga marufuku mwaka 2018. Basi tujue kwamba biashara ikifungiwa mlango huku hutafuta mlango kule.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mgeni anayeomba kuasili awe amekaa nchini miaka 3, na mtoto awe amekosa familia ya kumpokea hapa. Ni sheria nzuri. Lakini msilale kwa kuisikia. Uganda nayo ilikuwa na miaka 3 yake, tena imeandikwa waziwazi, na watoto wakapita pembeni kwa karatasi ya ulezi. Sheria ni ukuta, na ukuta una walinzi. Walinzi ni sisi.

Kwa hiyo twaleta mambo manne mbele ya tawi.

Kwanza, muhuri. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, afisa mtendaji, balozi, yeyote kati yetu akiombwa barua ya kusema kwamba mtoto fulani hana ndugu, asiandike siku hiyo. Aende mwenyewe, au atume watu wawili wanaoaminika, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama. Waulizwe bibi, shangazi na mjomba, na majina ya walioulizwa yaandikwe ndani ya barua. Barua fupi isiyo na majina ya watu walioulizwa ni barua ya kuuza. Na atakayepokea bahasha kwa ajili ya muhuri huo, chama kisimfiche.

Pili, maneno. Mzazi au jamaa asitie sahihi wala dole gumba mpaka aelezwe, kwa lugha ayijuayo vema na mbele ya afisa wa ustawi wa jamii, kama mtoto atarudi au hatarudi, kama atabaki wake au hatabaki. Asubiriwe siku kadhaa afikiri na wenziwe. Jambo jema halikimbii.

Tatu, makao ya watoto. Kila tawi lijue ni nyumba ngapi za yatima zilizomo katika kata yake, nani anaziendesha, na kama zina kibali. Mtoto mpya akionekana humo, ajulikane ametoka wapi. Wako wanaoendesha nyumba hizo kwa imani na jasho, nao watafurahi wakiulizwa. Atakayekasirika, tumtazame mara ya pili.

Nne, na hili ndilo zito: tulee wenyewe. Hatuwezi kumlinda mtoto kwa maneno huku bibi yake analala njaa. Katika kila nyumba kumi yupo mzee anayelea wajukuu waliofiwa. Tawi liandike majina yao. Mmoja atoe debe la mahindi, mwingine sare ya shule, vijana wakamlimie shamba siku moja katika msimu. Kwa ndugu zetu Waislamu iko kafala, yaani kumlea yatima bila kumfutia nasaba yake, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja pamoja na njia nyingine za malezi. Wenye uwezo ambao hawakujaliwa watoto, ambao huona haya kwenda ustawi kuuliza, waende. Mtoto anayewasubiri yumo humu humu nchini.

Tunataka pia wabunge wetu wahakikishe jambo moja limeandikwa na kila mahakama inalifahamu: amri ya ulezi isiwe ruhusa ya kumpandisha mtoto ndege moja kwa moja. Anayetaka kwenda naye moja kwa moja apite mlango wa kuasili, mchana, watu wakiona.

Ndugu wanachama, taifa lililodai haki ya kujitawala lilisema mbele ya ulimwengu kwamba linaweza kujitunza. Hapana mtu wa kutunzwa mbele ya yatima. Tukimwachia mwingine kazi hiyo kwa sababu ya uvivu wetu, au tukiiuza kwa sababu ya njaa yetu, tutakuwa tumerudisha kwa mkono wetu kile tulichokidai kwa sauti kubwa. Barua zitakazoletwa kwenu kesho zitakuwa na mstari mtupu chini yake, mahali pa sahihi. Kabla ya kuujaza mstari huo, vaeni viatu mwende mkamtafute bibi wa mtoto.

Uhuru na Umoja!